Chuma, Blada ama Kutupa Mpira: Bega Ya Tenisi Inataka Nini?

Ingia jimu yoyote ya mtaa huku Eastlands saa kumi na mbili jioni, zile za vyuma zimetengenezwa na kopo za rangi na simiti, utapata foleni ni moja tu: ya benchi. Kila msee anataka chesti ijae tishati. Mi sina shida na chesti. Lakini ka unachezanga tenisi na unataka savu yako ianze kusumbua watu, manze, kasi haiko hapo kwa benchi.

Cheki kwanza kitu yenye unarusha. Mpira ya tenisi haifiki hata gramu 60, na raketi ya mtu mzima inakuwanga karibu gramu 300. Hapo hakuna mzigo ya kuinua. Kuna kitu nyepesi inatakiwa iende mbio sana. Wanaume wa levo ya juu wakipiga savu, mfupa wa juu wa mkono unazunguka ndani ya bega na spidi yenye imepimwa kufika karibu digrii 2,400 kwa sekunde. John Isner, yule Mmarekani mrefu, alipiga moja ya kilomita 253 kwa saa kwa Davis Cup mwaka wa 2016. Na hata yeye, karibu nusu ya hiyo nguvu haikuzaliwa kwa mkono. Miguu ilisukuma chini, nyonga ikageuka, kiuno ikafuata, bega ikapokea, kiwiko, kiganja, raketi. Mkono unapata nguvu ya mwisho kwa laini. Kazi yake ni kuipokea, kuiongezea kidogo, kuiachilia, halafu kujisimamisha.

Hiyo ya kujisimamisha ndio wasee mob hawafikiriangi. Mpira ikishatoka kwa nyuzi, mkono bado uko na ile spidi yote, na kuna misuli ndogo nyuma ya bega zenye lazima ziukamate kabla uvute kiungo. Ukijenga mbele pekee, chesti na baisepu, umeweka injini ya basi kwa gari iko na breki ya baiskeli. Makochi wa bega za tenisi wanataka misuli za kuzungusha mkono kwenda nje ziwe na angalau thuluthi mbili ya nguvu ya zile za kuzungusha ndani. Na savu kila siku inakuza za ndani, hata bila jimu. So kila wiki unacheza bila kufanya kitu ya nyuma, hiyo pengo inazidi kupanuka.

Hapo ndio blada inaingia. Naongea ile blada ya kawaida, mpira ya tyubu yenye watu wa boda wanafungia mzigo. Funga moja kwa nguzo, iwe levo ya kiwiko. Simama ubavu, mkono wa raketi ukiwa ule wa mbali na nguzo. Kunja kiwiko iwe digrii 90, uweke kataulo kadogo katikati ya kiwiko na mbavu, na ukakamate hapo kasianguke. Sasa vuta blada, mkono ukitoka tumboni kwenda nje ka mlango inafunguka, halafu rudisha pole. Hiyo ya kurudisha ndio dawa yenyewe, hesabu tatu ukirudi, ju bega inasimamisha mkono na njia hiyo hiyo baada ya savu. Ukirudisha haraka, blada ndio imekufanyia kazi. Ukiona kataulo kameanguka, ama bega inapanda kwenda kwa sikio, jua blada ni ngumu sana. Tafuta nyembamba. Reps kumi na tano safi, upumzike, urudie. Haina picha ya kuposti, na hakuna mtu atakuuliza uko na blada ya kilo ngapi.

Na si ati inalinda bega tu. Kuna utafiti wa Marekani wa 1998, wachezaji wa koleji wakapewa blada na dambeli nyepesi kwa wiki 4. Savu yao ya wastani ikaongezeka karibu asilimia 8. Wiki 4, buda, na vitu zenye zinatoshea kwa begi ya shule.

Sasa tukam kwa kutupa. Hii ndio mi napenda zaidi, na nitasema wazi: ka uko na nusu saa pekee kwa siku na unataka mpira ikimbie, tupa. Wajerumani walitoa utafiti 2013 wakilinganisha watoi wa tenisi wenye walitumia mashini za jimu na wenye walifanya zoezi za kulipuka, kutupa mpira nzito na pushapu za kuruka. Baada ya wiki 8, wale wa kulipuka ndio savu yao iliongezeka, karibu asilimia 4. Wa mashini walipata nguvu ya kuinua, lakini kwa laini ya savu nguvu hiyo haikuonekana. Mwaka huo huo Wahispania wakachanganya blada, kiuno na kutupa kwa wiki 6 na watoi wa mashindano, savu ikapanda karibu asilimia 5, na mpira bado ikaendelea kuingia ndani ya boksi.

Sababu si uchawi. Kwa mashini umekaa, mgongo umeegemea, miguu imelala, na unasukuma pole. Ukitupa mpira nzito kwa ukuta, lazima usukume na mguu, ugeuze nyonga, halafu mkono umalizie. Ni ile laini ya savu yenyewe unapractice, ikiwa na uzito kidogo.

Fohandi iko na story yake. Kundi ya Wafaransa ilijaribu njia mbili kwa wiki 6: kutupa mpira nzito yenye iko na kamkono ka kushikilia, na kupiga na raketi imeongezwa uzito. Kutupa kuliongeza kasi ya fohandi asilimia 11, raketi nzito 5. Lakini wa kutupa, mpira yao ilianza kukosa target kidogo, wa raketi nzito wakabaki sawa. Hii inaniambia kitu moja: usitupe wiki nzima halafu uende mechi Jumamosi ukitarajia mpira itajua mahali inaenda. Ukimaliza kutupa, shika raketi siku hiyo hiyo, piga hata mpira thelathini ukilenga koni, mwili ujue hiyo kasi mpya inatumiwa aje.

Mpira nzito ya duka inauzwa doh ya nguvu. Mtaani unaeza tengeneza: chukua mpira ya basketi imetoboka, kata mdomo kadogo, jaza matambara mob na mchanga kiasi, fundi wa viatu aishone. Usijaze mchanga hadi juu, itakuwa mawe. Ipeleke kwa mizani ya dukani. Kilo mbili inatosha mtu mzima, kilo moja kwa mtoi. Ka inakufanya utupe pole, ni nzito sana, haijalishi unajiskia aje.

Na chuma je? Chuma si adui. Benchi iko na mahali, lakini kwa kila seti ya kusukuma, mi nataka uone seti ya kuvuta: pulapu kwa boriti, ama kuvuta dambeli ukiwa umeinama. Pushapu nazo nazipenda kuliko benchi, ju ubao wa bega uko huru kutembea. Ukifika juu, sukuma sentimita moja zaidi mgongo ujiviringe kidogo. Hapo umeamsha ule msuli wa kushikilia ubao wa bega kwa mbavu. Halafu usirudie programu moja mwaka mzima. Wamarekani walifuata madem wa tenisi ya koleji miezi 9, na wale wa kubadilisha mzigo na reps kila wakati waliongeza kasi ya savu kuliko wale walirudia kitu moja.

Nasisitiza bega ju mechi haziamuliwi ukiwa freshi. Angella Okutoyi, dem wetu wa Nairobi, alibeba Wimbledon ya dabo za madem wadogo 2022 na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, na hakuna Mkenya alikuwa ashawahi kubeba taji ya Grand Slam. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, halafu taibreki ya kuamua ikaisha 11-9 dhidi ya Kayla Cross na Victoria Mboko. Pointi mbili. Hapo nani bado ako na bega ya kupiga savu ka ya dakika ya kwanza?

So wiki yangu ya mtu mwenye anacheza wikendi inakaa hivi: kutupa Jumatatu na Alhamisi, kabla hujachoka, reps chache, kila moja na nguvu zote. Chuma na kuvuta Jumanne. Blada nyepesi karibu kila siku, hata mangware kabla ya chai. Ijumaa tulia. Ukiskia bega inadunga mbele ukiinua mkono, wacha kutupa, wacha savu, tafuta fizio, usijaribu kupita nayo.

Chora laini ya chaki mahali mpira yako nzito imeangukia leo, ukitupa ubavu, upande wa kulia na wa kushoto. Rudi hapo baada ya wiki 6, mpira ile ile, viatu zile zile. Ukipita laini na savu bado iko pale pale, shida haiko kwa bega tena. Mwambie beshte akurekodi na simu ukipiga savu, halafu cheki miguu.