Vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B

Vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B (pia: vitamini B kompleksi) ni dawa au virutubisho vya nyongeza vyenye vitamini mbili au zaidi za kundi B. Hutumika hasa kuzuia au kutibu madhara ya upungufu wa vitamini hizo katika neva na katika damu. Hupatikana pia kama dawa ya maji na sindano. Katika nchi nyingi vidonge huuzwa bila cheti cha daktari.

Kundi B lina vitamini nane: B1 (thiamini), B2 (riboflavini), B3 (niasini), B5 (asidi ya pantotheni), B6 (piridoksini), B7 (biotini), B9 (folati) na B12 (kobalamini). Zote huyeyuka katika maji. Nyingi hazikai mwilini kwa muda mrefu, isipokuwa B12 ambayo ini huweza kuihifadhi kwa miaka kadhaa. Mkojo kuwa wa njano kali baada ya kumeza vidonge hivi hutokana na riboflavini, na si dalili ya ugonjwa.

Historia

Katika miaka ya 1890 daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akiwa kisiwani Java, aligundua kwamba kuku waliolishwa mchele uliokobolewa walipooza miguu, na walipona walipopewa mchele usiokobolewa. Ugonjwa huo ulifanana na beriberi ya binadamu, ambayo baadaye ilijulikana kuwa upungufu wa B1.

Mwaka 1926 Wamarekani George Minot na William Murphy walionyesha kwamba kula maini mengi huwaponya wagonjwa wa aina moja ya anemia iliyokuwa ikiua. Mwaka 1931 Mwingereza Lucy Wills, aliyefanya utafiti Bombay nchini Uhindi, alieleza kwamba dondoo la hamira huponya anemia ya wajawazito. Kilichowaponya kilikuja kutambuliwa kuwa folati. Kilichokuwa katika maini, yaani B12, kilitenganishwa mwaka 1948.

Kazi mwilini

- B1 husaidia seli, hasa za neva, kupata nishati kutoka kwenye wanga.
- B6 hutumika kutengeneza kemikali zinazopeleka taarifa kati ya neva, na pia hemoglobini.
- B9 na B12 hushirikiana katika utengenezaji wa DNA. Zikikosekana, uboho hutoa seli nyekundu chache ambazo ni kubwa kupita kawaida.
- B12 hulinda pia utando unaozifunika neva.

Dalili za upungufu

Upungufu unaogusa neva huanza mara nyingi kwa ganzi miguuni, hisia ya kuchomwachomwa na sindano au nyayo kuwaka moto. Upungufu wa B12 ukiendelea, mgonjwa huweza kuyumba anapotembea na kupoteza kumbukumbu. Upungufu wa damu huleta uchovu, kuishiwa pumzi, moyo kwenda mbio na weupe wa kope za ndani na viganja.

Wanaohitaji zaidi

Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 2.4 za B12 kwa siku, na wengi huzipata kwa chakula: nyama, maini, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Folati hupatikana katika mboga za majani, maharage na kunde. Waliomo hatarini zaidi ni:

- wasiokula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama;
- wazee, na watu ambao tumbo lao haliwezi kufyonza B12;
- wenye kisukari wanaotumia metformini kwa miaka mingi;
- wanywaji wa pombe kupindukia, ambao hukosa hasa B1;
- wagonjwa wa kifua kikuu wanaotumia isoniazidi, dawa inayopunguza B6; ndiyo sababu wengi hupewa piridoksini pamoja nayo;
- wajawazito, ambao Shirika la Afya Duniani linashauri wapewe kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki.

Mipaka na tahadhari

Si kila ganzi ni upungufu wa vitamini. Kisukari, ukoma na VVU pia huharibu neva, na vidonge haviondoi chanzo hicho. Vilevile upungufu wa damu mara nyingi hutokana na kukosa madini ya chuma, malaria, safura au selimundu. Mtu asiye na madini ya chuma ya kutosha hataponywa na vitamini B peke yake.

Asidi ya foliki huweza kurekebisha damu ya mtu aliyepungukiwa B12 huku neva zake zikiendelea kuharibika. Kipimo cha damu huonekana kizuri, na ugonjwa hugunduliwa ukiwa umechelewa. Madhara mengine huwa ya kudumu. Aidha, dozi kubwa ya asidi ya foliki, kama miligramu 5 kwa siku, hudhoofisha nguvu ya dawa ya SP wanayopewa wajawazito kuzuia malaria.

B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva zenyewe na kuleta ganzi ileile ambayo mtu alitaka kuitibu. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 12 kwa siku kwa mtu mzima, ilhali baadhi ya vidonge vya neva vina miligramu 100 au zaidi katika kidonge kimoja. Kwa hiyo anayeona ganzi ikiongezeka wakati anatumia vidonge hivyo asiongeze dozi, bali amwone daktari na kumwonyesha pakiti ya dawa.