Kware wa Porini na Kware wa Kufugwa: Usiwachanganye

Mfugaji wa Ipogolo, mvua zikinyesha watoto hukamata kware malishoni na kuwaleta bandani. Hao si kware wanaouzwa kwa kufugwa, ingawa ni ukoo mmoja.

Kware wa porini ni mdogo. Dume ana kifua cheusi. Huhama akifuata mvua, hutaga chini na kuatamia mwenyewe. Ukimfungia, hurukaruka akaumia kichwa.

Kware wa kufugwa ni mkubwa kidogo. Huanza kutaga akiwa na wiki 6 hadi 8, lakini mara nyingi haatamii. Mayai yawekee kuku au mashine. Huanguliwa kwa siku 17 hadi 18.

Wa porini mwache. Kumkamata bila kibali ni kosa, tena anaweza kuleta mdondo. Chanja kuku wako kila miezi 3.