Gari Kuukuu Nyumbani: Kazi Tunazoweza Kuzifanya Wenyewe



Wengi wetu tunaokaa Kasubi tulipata gari kwa mkopo wa ushirika wa akiba, na deni hukatwa mshaharani kila mwezi. Gari lenyewe lilitoka Japani likiwa limekwisha kutumika, Corona ama Premio, na sasa mita yasoma kilometa 200,000 na kupita. Likifa leo, makato hayafi pamoja nalo. Tena sheria ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza nchini gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe, basi kupata jingine la bei ya chini si rahisi kama zamani. Hatuna budi kulitunza hili tulilo nalo.

Kwanza, mita isiaminiwe. Kuna wauzaji wanaoirudisha nyuma. Tazameni raba ya pedali ya breki na kiti cha dereva: vikiwa vimelika sana na mita yasema 80,000, mmedanganywa. Fungueni boneti, mtafute karatasi ndogo iliyobandikwa yenye maandishi ya Kijapani. Mara nyingi huonyesha kilometa na tarehe ambayo mkanda wa taimingi ulibadilishwa. Injini ya 7A iliyomo katika Corona nyingi hutumia mkanda, nao hubadilishwa kila kilometa 100,000. Injini za 1ZZ na 1NZ zilizomo katika Premio za kuanzia 2001 hutumia mnyororo, hazina kazi hiyo. Kama hakuna karatasi wala risiti, hesabuni kwamba mkanda haujabadilishwa kamwe. Ukikatika katika 7A gari huzima njiani tu, lakini katika dizeli kama 2C valvu hugonga pistoni, na hapo mtanunua injini. Kazi hii mpeni fundi.

Oili ni kazi yetu wenyewe. Kila kilometa 5,000 oili na filta vibadilishwe pamoja. Injini za petroli tulizozitaja huchukua karibu lita 3.7. Washeni injini dakika chache ili oili iwe vuguvugu itoke na uchafu wake, zimeni, ndipo mfungue nati ya chini. Filta mpya ipakeni oili kidogo kwenye raba yake, kisha ifungwe kwa mkono, si kwa spana. Kupima ni asubuhi kabla ya kuwasha, na gari liwe mahali tambarare. Sisi wa Kasubi twakaa mlimani, na gari lililoegeshwa kwenye mteremko hudanganya kijiti cha kupimia. Gari la umri huu hula oili kidogo, kwa hiyo pimeni kila Jumapili, msingoje taa nyekundu. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua. Moshi mweupe mzito usiokoma, na maji yapungua pasipo kuvuja, maana yake gaketi ya hedi imeanza kuharibika. Hapo simamisheni gari.

Sasa jambo la temostati, na hapa tutagombana na mafundi wengi. Gari likichemka, fundi huitoa temostati akaitupa, akasema nchi yetu ni ya joto haina haja nayo. Si kweli. Bila temostati injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula petroli nyingi, na oili huota matope. Gari kuchemka kwa kawaida kuna sababu nyingine: rejeta imeziba, feni haizunguki, au kifuniko cha rejeta kimechoka. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na hapa maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kifuniko kizima hubana maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Kikilegea, maji huchemka mapema na kutoka. Kifuniko ni cha bei ndogo. Anzeni nacho kabla ya kukubali kutoa chochote. Na msitie maji ya mtaro au ya kisima. Tieni dawa ya rejeta pamoja na maji safi ya betri.

Kifuniko hicho kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Mwenzetu mmoja alikifungua kando ya barabara ya Hoima, akaungua mkono na kifua, akakaa nyumbani wiki tatu. Tulijaribu kumsaidia, lakini sheria ya fidia ya wafanyakazi ni ya ajali ya kazini, na ile haikuwa ya kazini. Wiki zile tatu hakulipwa kitu. Vivyo hivyo na jeki: mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Wekeni stendi za chuma, au magogo mapana. Matofali hupasuka bila kutoa taarifa.

Filta ya hewa ikungʼuteni kila mwezi wakati wa vumbi. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, ibadilishwe kila miaka miwili hata kama bado yaonekana safi. Oili ya giaboksi ya otomatiki isomeni kwenye kijiti chake ni ya aina gani, mtie hiyo hiyo. Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la kuukuu hupasuka hata likiwa na meno.

Andikeni kila kazi katika daftari, tarehe na kilometa, na daftari likae garini.

Oili chafu msimwage mtaroni. Maji ya mitaro yetu ya upande huu hushuka kinamasi cha Lubigi, na huko wako watu wanaolima viazi na mboga tunazonunua sokoni. Itieni katika dumu, mpelekeeni mwenye gereji anayeikusanya.