Mjue Chombo Kabla ya Kung'oa Nanga

Anayejiandaa kuvuka bahari kuu kwa chombo cha tanga huanza na vitu vya kununua: simu ya setilaiti, boti ya kujiokolea, tanga la akiba. Vyote vinahitajika. Lakini utayari wa nahodha hupimwa kwa maili alizokwisha kusafiri na chombo kile kile, hadi akajua kinavuja wapi, nini hulegea, na namna ya kukitengeneza kwa vifaa vilivyomo. Shindano la Golden Globe la 1968, la kuizunguka dunia peke yako bila kutua bandarini, linathibitisha hilo.

Robin Knox-Johnston aliondoka Falmouth, Uingereza, tarehe 14 Juni 1968 na Suhaili, chombo cha msaji cha futi 32 kilichoundwa Bombay. Hakikuwa na mbio, ila alikwisha kukileta kutoka India hadi London. Kilipoanza kuvuja katika Atlantiki, alijua pa kutazama: maungio ya mbao karibu na mkuku. Akapiga mbizi, akakalafati kwa pamba, akagongomea turubai na kipande cha shaba juu yake. Baadaye wimbi lilikilaza ubavu na maji ya matangi yakaharibika; akaishi kwa kukinga mvua. Mtambo wa kujiongoza ulipovunjika, alipanga matanga mpaka chombo kikashika njia chenyewe. Baada ya siku 312 alirejea Falmouth, pekee aliyemaliza kati ya tisa. Mwenzake Donald Crowhurst alikuwa na chombo kipya chenye miili mitatu, kilichotarajiwa kwenda kasi zaidi. Safari yake ya kwanza, iliyopangiwa siku tatu, ilichukua karibu wiki mbili. Hata hivyo aliondoka 31 Oktoba, siku ya mwisho iliyoruhusiwa, huku vipuri vikiachwa gatini, na chombo kikavuja. Tarehe 10 Julai 1969 kilikutwa kikielea bila mtu. Msiba ule ulikuwa na sababu nyingi, madeni yakiwemo, lakini chombo asichokizoea kilimfungia njia mapema.

Huenda ukasema hayo ni ya kale, na leo simu ya setilaiti huita waokoaji. Ni kweli, na kifaa hicho kisikosekane. Lakini Septemba 2018, baharia Abhilash Tomy wa India alipovunjikiwa mlingoti na kuumia mgongo kusini mwa Bahari ya Hindi, mahali alipokuwa palijulikana, na bado meli ya Ufaransa, Osiris, ilimfikia baada ya siku tatu. Chombo kinachovuja hakingoji siku tatu. Wengine watalalamika kuwa majaribio marefu hula fedha na msimu. Hula kweli, lakini hata majahazi yetu yaliyokosa kusi yalikaa hadi upepo ugeuke tena, na hakuna aliyewaita manahodha wao wazembe. Basi kabla ya kununua kifaa kingine, toka usiku tatu mfululizo upepo ukivuma, tumia kila kilichomo, kisha kila kilichoharibika kitengeneze kwa mikono yako mwenyewe.