Mimba Kufichwa Hata kwa Mkunga

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), napenda kusema na wenye nyumba, waume kwa wake, juu ya jambo tulionalo dogo, nalo si dogo.

Katika miji yetu ya pwani mwanamke ashikapo mimba, kwanza huifunika. Wazee wasema mimba changa haitangazwi, isije ikapatwa na kijicho. Basi huvaa nguo pana, akangojea mpaka mtoto acheze tumboni, nako ni kama mwezi wa nne au wa tano, ndipo afikiri kwenda kliniki.

Wala si hofu ya kijicho peke yake. Mwenye watoto wanne hujiona amekwisha kuwa fundi. Msichana wa mimba ya kwanza huona haya, au hana hakika na hali yake. Wako waogopao kupimwa damu, na waonao haya kukaguliwa na tabibu mwanamume. Na wako wengi ambao nauli yao imo mfukoni mwa mume, na mume hajaitoa.

Hapo nami naungama. Mke wangu alipochukua mimba yetu ya kwanza nalimwambia, "Subiri, usijitangaze." Alikwenda mwezi wa saba, baada ya kuanguka kisimani kwa kizunguzungu. Akapimwa, damu yake ikaonekana haba mno. Mkunga hakunigombeza, aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, mwanafunzi akija chuoni mwisho wa mwaka, utamsomesha nini?" Sikuwa na jibu. Mwenyezi Mungu aliwahifadhi mama na mtoto, lakini hayo yalikuwa rehema yake, hayakuwa busara yangu.

Tuyajue basi ya miezi ya kwanza. Mfereji ufanyao ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufungika kabla ya mwezi mmoja kutimia tangu mimba kutunga. Ndiyo sababu vidonge vya asidi ya foliki hutakiwa mapema, na ni bora vianzwe kabla ya mimba. Vidonge vya madini ya chuma huongeza damu. Kaswende na virusi vya UKIMWI vikijulikana mapema, dawa humkinga mtoto. Penye malaria, dawa ya kuikinga huanza kutolewa mwezi wa nne. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri mjamzito aonwe mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kupita. Aanzaye mwezi wa saba atazipata wapi zote?

Ama kijicho, hatukikanushi. Tumefundishwa na kinga yake. Lakini mkunga si jirani wa barazani, ni mwenye kuwekewa amana. Na Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu kutafuta dawa, na mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha atawakali.

Basi ewe mume, mkeo akikwambia hajaona siku zake, usimwambie asubiri. Toa nauli, ufuatane naye. Nawe mama mkwe, msomee Suratul Falaq, umpulizie, kisha umfungulie mlango aende.

Wabillahi tawfiq.