Umepangiwa tarehe ya upasuaji? Wiki za kusubiri zina kazi yake

Tuseme unaishi Mabatini, kule juu kwenye mawe. Umetoka Bugando au Sekou Toure na karatasi mkononi: uvimbe kwenye kizazi, upasuaji baada ya wiki sita. Unarudi nyumbani, unawaambia ndugu, basi, unaanza kuhesabu siku. Lakini hizo wiki sita unaweza kuzitumia. Hebu tuone kwa nini.

Mwaka 2018 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa zaidi ya 11,000 waliofanyiwa upasuaji katika nchi 25 za Afrika. Karibu mmoja kati ya watano alipata tatizo baadaye, na uwezekano wa kufariki ulikuwa mara mbili ya wastani wa dunia. Vifo vingi vilitokea siku za baada ya upasuaji. Uhaba wa wataalamu huwezi kuumaliza wewe. Ila hali ya mwili unaoupeleka thieta, hiyo unaweza kuibadilisha.

Damu. Hemoglobini ndiyo inayobeba oksijeni. Kwa mwanamke asiye mjamzito, ikiwa chini ya 12 ana upungufu wa damu. Kwa mwanaume, chini ya 13. Uvimbe wa kizazi unaweza kukutoa damu nyingi kila mwezi, na huku kwetu ziwani kuna pia kichocho, malaria na minyoo. Kwa hiyo uliza mapema: "Damu yangu ni ngapi?" Ukipewa vidonge vya madini ya chuma, ujue havifanyi kazi kwa siku mbili. Uboho wa mifupa unahitaji wiki kadhaa kutengeneza chembe mpya. Usivimeze na chai, maana chai inazuia chuma kufyonzwa. Juisi ya chungwa inasaidia. Tatizo likigundulika siku moja kabla, huenda tarehe ikaahirishwa au ukahitaji kuongezewa damu. Ndugu wanaotaka kusaidia wakachangie mapema, wasisubiri simu ya usiku.

Pumzi. Wataalamu wa nusu kaputi hupenda kuuliza: unaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama? Mabatini kipimo hicho unacho mlangoni. Kama daktari hajakukataza, tembea kila siku, na angalia unasimama wapi kupumzika. Ukihema sana kuliko zamani, au kifua kikibana, usinyamaze, kamwambie daktari. Na kama unavuta sigara, Shirika la Afya Duniani linasema kuacha wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji kunapunguza matatizo.

Sukari na dawa. Sukari ikiwa juu, kidonda kinachelewa kupona na wadudu wanapata nafasi. Dawa za presha au kisukari usiache mwenyewe. Uliza ipi uendelee nayo na ipi usimamishe. Mitishamba nayo itaje, bila aibu. Mingine inaongeza kutokwa damu.

Usiku wa mwisho. Hapa ndugu wengi hukosea kwa huruma: "Kunywa uji kidogo tu, utaishiwa nguvu." Nusu kaputi inalegeza kinga ya koo. Uji ulio tumboni unaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na mtu akafa kwa uji. Kwa kawaida chakula husimama angalau kwa muda wa saa sita kabla, maji matupu saa mbili, lakini fuata maelekezo ya hospitali yako. Na ukiwa umekula, sema ukweli.

Mwisho, zipo dalili zisizosubiri tarehe. Ukitokwa damu nyingi huku kichwa kinazunguka, nenda hospitali leo. Jirani yako anayesubiri upasuaji wa ngiri naye, ngiri ikiwa ngumu, inauma na anatapika, asingoje asubuhi.

Kama nyumbani kwenu kuna anayesubiri, anza na swali moja leo: damu yake ni ngapi?