Penye urembo ndipo penye urimbo

Hivi majuzi nilialikwa katika kikao cha kamati ya shule moja ya upili iliyokuwa ikikarabati maabara yake. Fundi alitutandazia mezani vibao vya sampuli. Alitueleza kwamba vijipande vya rangi hunyunyizwa juu ya epoksi ingali mbichi, kisha hufunikwa kwa tabaka angavu. Wajumbe wengi walivutiwa na mchanganyiko wa nyeupe, kijivu na nyeusi. "Huu hauonyeshi uchafu," akasema mmoja wao, na wenzake wakaafiki.

Hapo niliomba ruhusa ya kunena. Nilikiweka kibao hicho sakafuni, nikadondosha juu yake kigae cha neli ya kioo iliyovunjika, kisha nikawataka wenzangu wakitafute wakiwa wamesimama. Mwenyekiti alilazimika kuinama ndipo akakiona.

Hapana shaka kwamba rangi mseto zina manufaa yake. Katika nchi yenye udongo mwekundu kama yetu, mchanganyiko wa kahawia na hudhurungi katika ukumbi au afisi humpunguzia mfagiaji lawama. Lakini rangi inayoficha vumbi hailiondoi, na katika maabara huficha pia kigae cha kioo na tone la asidi. Atakayeumia si mjumbe aliyechagua rangi, bali ni mwanafunzi aliyepiga goti kuokota kalamu.

Kwa hivyo nashauri mambo matatu. Kwanza, sampuli itazamwe sakafuni wala si mezani, katika mwanga wa chumba chenyewe, asubuhi na jioni. Vijipande vidogo, vikitazamwa kutoka mbali, huungana vikaonekana rangi moja, ilhali vikubwa hubaki vikitawanya macho. Pili, sakafu ya maabara iwe ya rangi moja iliyokolea, ambayo juu yake kioo humeta kikaonekana. Tatu, kwenye veranda ipigwayo na jua, fundi aulizwe kuhusu tabaka la juu, kwani epoksi ya kawaida hugeuka manjano juani.

Kamati ilikubali kijivu kilichokolea, ingawa si kwa furaha. Naam, haikupata sakafu ya kupigia picha. Lakini enyi walimu na wanafunzi, sakafu ya maabara kazi yake ni kufichua, si kusitiri. Nanyi msingoje kualikwa: kamati ya shule yenu ikiketi kuchagua rangi, ombeni kusikizwa, kwa maana miguu itakayoikanyaga ni yenu.